Moshi wa Uvumba

Mtu akikuambia kuwa yeye ni Mwanglikana wa Tanzania, bado hajakueleza namna anavyosali. Muulize kwanza alikozaliwa. Akitoka Unguja, Muheza, Korogwe au Masasi, huenda amekulia katika uvumba, mishumaa na kengele ya madhabahuni, na ibada kuu ya Jumapili anaiita Misa. Akitoka Dodoma au Mpwapwa, huenda amelelewa kwa mahubiri marefu, ushuhuda wa waliookoka na ngoma za kwaya, na uvumba ameusoma katika Agano la Kale tu.

Tofauti hii hatukuitunga sisi. Wamisionari wa UMCA walifika Unguja mwaka 1864, wakajenga Kanisa Kuu la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Hao walipenda ibada yenye taratibu za kale. Wale wa CMS walianzia Mombasa, alikofika Krapf mwaka 1844, na katika miaka ya 1870 wakaingia Mpwapwa. Hao walipenda Biblia na mimbari. Mwaka 1913 maaskofu wa Mombasa na Uganda walikutana na Waprotestanti wengine huko Kikuyu, na wakashiriki pamoja Meza ya Bwana. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alikasirika hata akawashitaki kwa uzushi. Lakini mwaka 1960 pande zote mbili ziliwekwa katika Jimbo moja la Afrika Mashariki, na mwaka 1970 Tanzania ikawa jimbo lake yenyewe. Kwenye karatasi tukawa ndugu. Mioyo huenda polepole kuliko karatasi.

Katika vijiji vya zamani jambo hili halisumbui, maana kila mtu husali kama babu yake. Sisi wa Dar es Salaam ndio tunaokutana benchi moja. Nilikuwa katibu wa halmashauri ya parishi yetu mwaka ule kasisi mpya, mzaliwa wa upande wa Tanga, alipotoa chetezo siku ya Pasaka. Watu kadhaa walitoka nje kabla ya mahubiri. Mzee mmoja wa Mpwapwa, aliyeheshimika sana, alihamia chini ya mwarobaini, na kila Jumapili akawa anasikiliza ibada kutoka pale.

Kikao kilichofuata kilikuwa kirefu na chenye maneno makali. Mzee alisema hawezi kuinamia moshi. Ndipo akasimama mama mmoja mjane, mwenyeji wa Masasi, akamwambia kwa upole: "Baba, mama yangu alizikwa kwa moshi huu. Sikuombi uupende. Nakuomba tu usiuite uganga."

Mzee alinyamaza kitambo, kisha akajibu: "Nimekusikia, mama."

Hakuna aliyeshinda. Katika muhtasari niliandika mstari mmoja tu, kwamba suala la uvumba limeahirishwa.

Masika ilipofika, mke wa yule mzee alifariki. Walioingia kwanza katika nyumba ile walikuwa akina mama wa upande wa uvumba, kwa kuwa ndio waliokaa karibu. Yule mjane wa Masasi ndiye aliyemwosha marehemu. Wengine walichota maji, wakakopa masufuria, wakapika ugali na maharage ya wafiwa kwa siku tatu. Kasisi alikwenda kumwuliza mzee marehemu angependa azikwe vipi, na siku ya maziko chetezo kilibaki kanisani. Makaburini kwaya iliimba kwa Kigogo. Nilimwona yule mjane akiimba nao, maneno hayajui, ila sauti ameishika barabara.

Usidhani kwamba mzee aligeuka akaupenda uvumba. Hakuupenda mpaka leo. Pasaka iliyofuata aliingia ndani, akakaa karibu na dirisha, na moshi ulipopita aligeuza uso kuelekea nje. Wakati wa kupeana amani alinyanyuka, akavuka njia ya katikati, akampa mkono yule mjane.

Ndugu msomaji, tumezoea kufikiri kwamba umoja wa parishi ni kukubaliana juu ya kila jambo la ibada. Nimeandika mihtasari mingi ya halmashauri, na sijaona makubaliano ya namna hiyo yakidumu. Nilichokiona ni kwamba watu waliogombana Jumapili hukutana Jumanne msibani, wakiwa na ndoo na kuni. Hapo hakuna anayemwuliza mwenzake kama alibatizwa Masasi au Mpwapwa. Ikiwa unahamia mji mgeni na unatafuta kanisa, sikiliza mahubiri, sikiliza na kwaya. Lakini kabla hujaamua, uliza pia ni nani hufika kwanza nyumba ya mtu akifiwa.