Katoto Kako Kanalala

Yaya mmoja wa hapa kwetu Kasuku anaandika tasnifu ya doktora kuhusu akili mnemba, katika chuo cha nje ya nchi. (Wengine husema akili unde, wengine akili bandia, hilo nawaachia walimu wetu wa istilahi.) Anataka mashine isikie Kiswahili cha Kindu na kukiandika. Sauti alikwisha kurekodi wakati wa likizo: sokoni, kivukoni kwa wanaovuka kwenda Alunguli, na uani kwa mama yangu, kila mtu kwa ridhaa yake. Zote pamoja zilifika saa 9. Alihitaji mtu wa kuzisikiliza na kuandika kila kinachosemwa. Mimi ni mwanafunzi wa lugha, tena jirani. Nilikubali kabla hajamaliza kuniomba.

Nilifanya kazi hiyo miezi mitatu, usiku, betri ya paneli ikiwa imejaa. Katika rekodi moja mama anasema: "Niko naenda ku soko, katoto kako kanalala." Mimi nikaandika: "Ninakwenda sokoni, mtoto amelala." Sikuona ubaya wowote. Kwa miaka kadhaa kalamu nyekundu ilikuwa imepita juu ya insha zangu, ikikata kila "niko na-" na kila "ku", na sasa kalamu hiyo nilikuwa nimeishika mimi. Nilipomtumia Yaya faili, nilimwandikia kwa majivuno kwamba nimeisafisha. Yeye akafikiri nimeondoa makosa ya kuchapa.

Agosti 2025 alikwenda Kigali kwenye Deep Learning Indaba, mkutano wa kila mwaka wa Waafrika wanaoshughulika na akili mnemba. Ulianza Johannesburg mwaka 2017, na mwaka 2019 ulifanyika Nairobi. Indaba ni neno la Kizulu, maana yake kikao cha kuzungumzia jambo. Aliniambia kwamba mihadhara aliifurahia, lakini kilichomfaa zaidi ni kukaa na watu waliomtangulia katika utafiti, wakamuuliza amekwama wapi. Aliporudi, yeye na wenzake watano wa doktora wakaanzisha warsha yao ndogo kwa simu, mara moja kwa mwezi, pamoja na profesa mmoja aliyekubali kuwa mlezi wao. Mwezi wa pili nikaalikwa kama mtu wa lugha.

Nilitegemea hesabu nisizozielewa. Nikakuta watu wanasomeana barua. Mmoja makala yake ilikuwa imekataliwa, na alikuwa ameandika jibu la hasira kwa wasomaji walioikataa. Mlezi akamwomba alisome kwa sauti, basi alipofika katikati akacheka mwenyewe na kuacha. Mwingine hakujua namna ya kumwambia msimamizi wake kwamba mada imemshinda. Walitumia karibu nusu saa kutafuta sentensi mbili za kumwandikia. Nikawaza jinsi sisi hapa tunavyomvizia direkta wa kazi kwenye korido, na karatasi mkononi, tukiomba dakika tano.

Nilipojitambulisha kwamba natoka Kasuku, wote wakacheka. Sikuelewa. Mlezi akanieleza: mwaka 2021 Emily Bender, Timnit Gebru na wenzao walitoa makala iliyoifananisha mashine ya lugha na kasuku, anayeunganisha maneno kwa bahati nasibu kufuatana na aliyoyasikia, bila kujua maana. Gebru mwenyewe ni mzaliwa wa Addis Ababa. Nikawaambia kwamba komini yetu ilikuwa na jina hilo zamani, kabla ya mashine zao. Wakacheka tena, safari hii pamoja nami.

Kisha ikafika zamu ya Yaya. Mashine yake ilikuwa inakosea kupita kiasi. Kwa wiki nyingi alikuwa ameifungua na kuifunga, amebadilisha hiki na kile, na sura ya tatu ya tasnifu ilikuwa imesimama hapo. Alionyesha michoro. Mlezi aliiangalia kidogo, akasema, "Tusikilizishe sauti moja, halafu utuonyeshe maandishi yake."

Akachagua bila kutazama. Ikatoka sauti ya mama yangu.

Mlezi hajui Kiswahili, ila masikio anayo. Akaomba irudiwe. "Nasikia *ka, ka, ka*," alisema. "Katika maandishi hizo *ka* ziko wapi?"

Kimya kilichofuata kilikuwa changu. Mashine ya namna ile hujifunza kwa kulinganisha sauti na herufi, mara maelfu. Mimi nilikuwa nimeipa sauti ya "katoto kako kanalala" na kuilazimisha iandike "mtoto amelala". Ilikuwa inafundishwa kutosikia. Nikawasha maikrofoni, nikasema kwamba ni mimi, na kwamba nilidhani nasahihisha. Yaya hakunigombeza pale. Baadaye aliniandikia: "Mdogo wangu, sura nzima."

Siwezi kukilaumu Kiswahili sanifu. Tangu mwaka 1930, Kamati ya Lugha ilipoanza kazi juu ya msingi wa Kiunguja, ndicho kinachoniwezesha kumwandikia mtu wa Zanzibar akanielewa, na ndicho ninachoandikia makala hii. Lakini hata orodha ya kimataifa ya lugha inatupa alama mbili: swh kwa kile cha pwani, swc kwa hiki cha Kongo. Alama yetu nilikuwa naijua kwa ajili ya mtihani. Faili la Yaya lilikuwa limeandikwa swc juu yake, na ndani nilikuwa nimejaza swh. Tena tafsiri yenyewe ilikuwa mbovu: *ka-* ya mama si udogo tu, ni mapenzi, na "mtoto amelala" haina hata chembe yake.

Mlezi alimshauri Yaya asilifiche jambo hilo, aliandike katika tasnifu: maandishi ya kwanza yalisanifishwa na mwandishi, haya ndiyo matokeo yake, haya ndiyo ya pili. Mimi nikapewa zile saa 9 upya.

Sasa nimefika saa ya 4. Naenda polepole kuliko mwanzo, kwa sababu mkono unasahihisha wenyewe kabla sijauzuia. Juzi nilikwama kwenye rekodi ya uani, penye kelele za mvua juu ya mabati. Zamani nilikuwa nimeandika hapo "Tafadhali funga mlango." Nikamwita mama asikilize.

"Mlango gani?" akasema. "Niko nakuambia uzime hii simu, mvua iko nakuja, utoe nguo ku kamba."

Nimeliandika hivyo.