Mwanamke Asiyejibu

Muhula huu tulionyeshwa sinema iitwayo Persona, aliyoitengeneza Ingmar Bergman wa Sweden mwaka 1966. Ilipokwisha tulibishana hata kengele ya kulala: wengine walisema ni upuuzi mtupu, wengine walisema ni ajabu.

Elisabet, mwigizaji mashuhuri, alinyamaza jukwaani. Tangu kesho yake hakutaka kusema na mtu. Mwuguzi wake, Alma, alikwenda kukaa naye pwani, akazungumza mchana na usiku hata akamtolea siri zake za aibu. Siku moja aliisoma barua ya Elisabet, akaona kumbe siri zile anaandikiwa mtu mwingine, naye mwenyewe anachunguzwa kama mdudu. Tangu hapo picha nayo ikavurugika: utepe ukaonekana kuungua, na baadaye nyuso za wale wawili zikaunganishwa kuwa uso mmoja.

Wenzangu huuliza lipi ni ndoto na lipi ni kweli. Mimi naona jambo lenyewe ni hili: asemaye daima mbele ya asiyejibu hujimimina mpaka asijijue. Nami ninaye rafiki ajuaye yangu yote, wala sijui lake hata moja. Watu wa kale walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu.