Mzee Haruhusu Ndizi Ndani ya Boti

Bowling Green, Kentucky

Yaya mpendwa,

Ulipouliza kwenye simu kama ni kweli huku watu huvua samaki kisha wakamrudisha majini akiwa mzima, niliwasikia mama wote waliokuwa jikoni kwako wakicheka kabla sijafungua mdomo. Ni kweli. Mwanao hakukudanganya. Ila jibu lenyewe ni refu kuliko yunite zetu za simu, ndiyo maana naliandika hapa, na wasomaji wengine wasogee wasikilize.

Jirani yangu ni mzee aliyestaafu udereva wa malori. Umri umepita sabini, magoti yanalia akipanda ngazi, daktari amempunguzia chumvi na mkewe amempunguzia safari. Hata hivyo, Jumamosi saa kumi alfajiri mlango wa gereji yake unafunguka. Wakati wa joto, saa hiyo huko Nguba, Bukavu, ni saa tano asubuhi, wewe umeshatoka soko la Nyawera na mboga zako. Mzee anaondoka na boti nyuma ya gari, akimtafuta samaki mmoja tu: besi. Wako wa mdomo mpana, wa mdomo mdogo, na wa madoadoa, ambaye jimbo la Kentucky limemfanya samaki wake rasmi. Kambale mnene akidaka ndoano yake, badala ya kushukuru, Mzee hulalamika kwamba amepotezewa muda.

Gereji yenyewe haina nafasi ya gari. Ukuta mmoja umejaa fimbo za kuvulia, zimesimamishwa wima, kila moja na rili yake, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Ni ngapi, hasemi, na mkewe ndiye hasa asiyetakiwa kujua. Nilipomwuliza kwa nini asitumie fimbo moja akawa anabadilisha chambo, alinitazama vile ambavyo wewe ungemtazama mtu anayeuliza kwa nini jikoni kuna sufuria zaidi ya moja. Akanishikisha moja moja. Fimbo laini, inayopinda tangu katikati, ni ya vyambo vinavyoogelea: samaki akidaka kwa kasi, fimbo inamfuata na ndoano haichani mdomo. Fimbo ngumu ni ya kumtoa besi kwenye majani na visiki kabla hajazungusha mshipi kwenye mti. Mishipi nayo ina kazi zake. Wa kusokotwa hauvutiki na hukata majani, na ule mwangavu hauonekani kirahisi majini, nao huzama. Kila majira ya kuchipua Mzee huvalisha rili zake mishipi mipya, na ile ya zamani huikatakata vipande vidogo kabla ya kuitupa, ndege wasije wakajinyonga nayo. Siku nilipomwona akifanya hivyo ndipo nilipoanza kumwamini.

Ukitaka kahawa yake ipoe, mwulize habari za rili. Ni fahari ya jimbo hili. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji mdogo wa Paris, hapa hapa Kentucky, fundi saa aliyeitwa George Snyder alitumia ujuzi wake wa meno ya saa kutengeneza rili ambayo ukizungusha mkono mara moja, kigurudumu cha mshipi kinazunguka mara kadhaa. Mafundi saa wengine wakafuata, wakiwemo ndugu wawili wa Frankfort, Jonathan na Benjamin Meek, na wavuvi wa nchi nzima wakazoea kuziita rili za Kentucky. Mzee hana hata moja kati ya hizo, kwani zimeishia makumbusho na kwa matajiri. Zake zimetoka Japani. Lakini ugumu ni ule ule wa babu zake: ukirusha, kigurudumu kinazunguka chenyewe, na breki ni kidole gumba chako. Chelewa kukandamiza na mshipi unafumuka ndani ya rili, ukabaki unafumua mafundo huku samaki wanaruka mbele ya macho yako. Gumba la Mzee lina sugu mbili. Moja ni ya mshipi. Nyingine ni ya besi wenyewe, maana hushikwa kwa mdomo wa chini, na meno yao madogo madogo hukwaruza ngozi mpaka ikafa ganzi.

Kisha akanifungulia masanduku ya vyambo. Vyote bandia. Vyura wa mpira, kamba wa mpira, minyoo ya plastiki ya rangi ambazo Mungu hakuumba mnyoo nazo: zambarau, buluu, nyeusi yenye chembe za kumetameta. Mingine imetiwa harufu ya kitunguu saumu, naapa. Huo mnyoo wa plastiki nao ni mtoto wa jikoni: mwaka 1949, huko Akron, Ohio, Nick Creme na mkewe walipasha moto na kumimina plastiki nyumbani kwao mpaka wakapata mnyoo mlaini unaocheza majini. Nilikuwa bado nacheka hayo ya kitunguu saumu Mzee alipovuta droo ya chini. Yaya, humo nikaona sambaza. Wadogo, urefu wa kidole, ubavu wa fedha, mgongo umepigwa kijani, jicho jeusi la duara. Nikamwambia hawa ni wa kwetu, wametoka Ziwa Kivu. Akasema hapana, ni shadi, samaki wadogo wa ziwani hapa, chakula cha besi. Nilipofuatilia nikakuta wote wawili ni wa ukoo mmoja: shadi wa Kentucky, sambaza, dagaa wa Tanganyika, binamu watupu waliotawanyika duniani. Wanatembea kwa makundi na kung'aa kwa namna moja.

Tangu hapo uvuvi wa Mzee ukaacha kuwa mchezo wa kizungu machoni pangu. Hizo fimbo zote, hizo sona zinazomwonyesha kilicho chini ya boti, zina shabaha moja: kwanza ajue shadi wako wapi. Akiliona wingu lao kwenye kioo cha sona, anajua besi yuko chini yake au kando, amejibanza. Unawakumbuka wavuvi wetu jioni, mitumbwi mitatu imeunganishwa kwa miti, pembe zake ndefu zimetoka mbele na nyuma, wanaume wakipiga kasia kwa wimbo, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, sisi tunawasikiliza kutoka juu ya mteremko huku taa za Kamembe zikiwaka ng'ambo? Wale hawakuwa na sona. Walikuwa na taa za mafuta za kuwakusanya sambaza juu ya wavu, na walijua kwamba mwezi ukishakuwa mkubwa taa haina kazi, ziwa zima linang'aa na sambaza hawakusanyiki, kwa hiyo siku hizo walikaa pwani kushona nyavu. Mzee naye ana daftari, na kabla yake madaftari mengine, tangu enzi za Rais Carter. Tarehe, joto la maji, upepo ulikotoka, rangi ya maji, mwezi. Nilimweleza habari za mwezi wa Kivu akaziandika humo humo, kwa penseli, na jina la Bukavu akaniuliza herufi kwa herufi.

Ila kuna mambo yasiyosomeka daftarini. Aliponikaribisha kwenda naye, nilibeba chai, mikate, na kichane cha ndizi. Tulikuwa tumeshateremsha boti majini alipouona mfuko wangu. Akazima injini. Hizo, akasema, haziingii. Ndizi ndani ya boti ni mkosi. Imani hiyo ni ya mabaharia, imepanda mito mpaka huku bara, na watu wazima wenye akili timamu na pensheni wanaiheshimu. Mimi, mwana wa Bukavu, niliyelelewa kwa ndizi za kuchemsha na kuwaona wazee wakimaliza mambo yote mazito juu ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi! Nikasimama ufukweni nikala kichane kizima peke yangu, yeye akingoja. Nilipomaliza akanyoosha kidole: nawa mikono kwanza. Maganda akataka yabaki mbali, kwenye pipa la maegesho.

Ziwa lenyewe linaitwa Barren River Lake. Wahandisi wa jeshi waliuziba mto, na bwawa likakamilika mwaka 1964. Usidharau, Kivu letu nalo limezibwa, tofauti ni kwamba ukuta wake ulimwagwa na volkano za Virunga. Chini ya maji haya kuna visiki na barabara za zamani, na besi, anayependa kona za kuvizia, hukaa hapo. Mzee alichagua mnyoo wa zambarau, akaifukia ncha ya ndoano ndani ya mwili wake isinase visiki, na mbele akaweka chubwi ndogo yenye umbo la risasi. Akarusha, akauacha uzame. Hapo ndipo pana kazi, kwa sababu haionekani kazi yoyote. Anautazama mshipi pale unapoingia majini. Anainua ncha ya fimbo kidogo, anaishusha, anangoja. Mimi nilitazama muda wote huo nisione kitu, yeye akasema kwa sauti ya chini kwamba yupo. Mshipi ulikuwa umesogea upande, upana wa kiganja, bila kutikisika. Akaelekeza fimbo kwake, akakunja mshipi uliolegea, akavuta kwa mikono miwili. Maji yakapasuka na samaki akatoka mzima mzima hewani, mdomo wazi, akikung'uta kichwa aitoe ndoano.

Alipomfikisha kando ya boti akalowesha mkono kwanza, ute unaomlinda samaki usibanduke, akamshika mdomo, akamlaza kwenye ubao wenye vipimo. Sheria ya jumla ya jimbo inataka besi wa mdomo mpana afike inchi 12, kama sentimita 30. Maziwa mengi yanadai inchi 15. Huyu alipita kipimo kwa raha. Nikaanza kutafuta ndoo. Mzee akamshusha majini, akamshikilia mpaka akapiga mkia mwenyewe, akaenda zake. Kisha akafungua chakula chake cha mchana: sandwichi ya siagi ya karanga.

Usicheke, Yaya. Zamani nao walikula. Bingwa wa dunia wa besi wa mdomo mpana alivuliwa tarehe 2 Juni 1932 huko Georgia na kijana mkulima, George Perry, wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi: kilo kumi na kidogo. Akampima, akaenda naye nyumbani, familia ikamla. Rekodi hiyo haijavunjwa. Mjapani Manabu Kurita aliifikia mwaka 2009 kwenye Ziwa Biwa, wakagawana sifa. Kurudisha samaki kulienea baadaye, miaka ya 1970, wakati Ray Scott, muuza bima wa Alabama aliyeanzisha mashindano makubwa ya besi, alipowataka washindani walete samaki wakiwa hai. Mavuno ya mashindano yalikuwa yamewatia watu wasiwasi kwamba maziwa yatabaki matupu.

Mimi sijakubali yote. Mwezi wa nne na wa tano dume la besi hulinda kiota chake, halili, linafukuza kila kinachosogelea mayai, na wapo wavuvi wanaolivua hapo hapo kwa sababu litauma chochote. Wakilitoa hata dakika chache, samaki wadogo wanamaliza mayai. Mzee hafanyi hivyo, na anawasema vibaya wanaofanya. Mimi naona hata kumrudisha samaki hakuwatakasi. Lakini ule ubao wa vipimo naupenda. Askari wa wanyamapori anaweza kusimamisha boti yoyote akaomba kibali na kupima samaki, na hakuna anayemfokea. Kule Kivu, naona upande wa Rwanda hufunga uvuvi wa sambaza kama miezi miwili kila mwaka. Kwetu vyandarua vya mbu vinakomba mpaka watoto wa samaki. Na sambaza hakuwa wa bure: Wabelgiji walimleta kutoka Tanganyika kuanzia mwaka 1958. Besi naye amesafiri, yupo Naivasha, Kenya, tangu 1929. Aliletwa kwa ajili ya burudani ya walowezi, na leo wavuvi wa pale wanamvua kwa nyavu na kumwuza sokoni, mtu akamla na ugali. Nilimwonyesha Mzee picha. Alinyamaza, halafu akauliza wanampika vipi.

Sasa mwambie mwanao fimbo yake iko njiani. Tangu waasi wa M23 walipoingia Bukavu Februari 2025 mizigo yangu yote inapitia Kigali, na mama atakayeibeba atavuka nayo mpaka wa Ruzizi ya kwanza. Ni fimbo ya vipande viwili na rili ya kawaida, ile isiyohitaji gumba. Nimeivalisha mshipi wa kilo tatu, unamtosha tilapia. Atumie ndoano ndogo, nyungunyungu au donge la bugali, boya, na chubwi moja tu. Aende asubuhi mapema pale penye mawe, kivuli chake kisianguke majini, aache kelele. Minyoo ya plastiki sikuitia makusudi, maana taka zetu tayari zinaenda kuziba mitambo ya bwawa la Ruzizi. Ubao wa vipimo nimeutia. Tilapia asiyezidi kiganja arudishwe. Mkubwa aletwe kwako. Pesa ya mafuta ya kukaangia nimeituma jana kwa M-Pesa, nijulishe kama imefika.

Mdogo wako