Jina Moja Halifanyi Ukoo

Simama katikati ya soko la Leer, mji mdogo wa Ostfriesland, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani, uite "Janssen!" Watageuka wengi. Kuna Janssen anayetengeneza baiskeli, kuna Janssen anayeng'oa meno, na jirani yangu mstaafu, ambaye siku hizi hana kazi nyingine ila kutafuta mababu zake, naye ni Janssen. Muulize kama hao wote ni ndugu zake, atacheka kwanza, kisha atakurudishia swali: Janssen wa kijiji gani?

Swali hilo nimekua nalo Rombo, Kilimanjaro. Sikutarajia kulikuta huku.

Sababu yake ni hii. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, watu wengi wa hapa walipeana majina kama wanavyopeana watu wa pwani ya Tanzania. Harm mtoto wa Jan aliitwa Harm Janssen. Mwanawe Dirk akawa Dirk Harms, na mjukuu akawa Jan Dirks. Mwaka 1811, eneo hili likiwa chini ya Napoleon, ikaja amri kwamba kila familia ishike jina moja na ibaki nalo. Ambaye siku hiyo baba yake aliitwa Jan, akabaki Janssen yeye na uzao wake wote. Vijijini watu waliendelea na desturi yao kwa miaka mingi kana kwamba hawakusikia, lakini mwishowe karatasi ilishinda. Kwa hiyo akina Janssen wa leo wanachoshirikiana ni kwamba kila mmoja aliwahi kuwa na babu aitwaye Jan, na akina Jan walikuwa wengi kama akina Juma wa Kariakoo.

Nayasema haya kwa sababu vikao vyetu vya Watanzania wa huku havikosi mtu wa kulalamika kwamba wazungu wanajua asili yao hadi miaka mia tatu nyuma, na sisi majina yetu hayashiki, kila kizazi kinaanza upya. Hilo la kwanza lina ukweli. Hilo la pili ndilo ninalotaka tulijadili, maana jina la mwisho kwenye pasipoti, liwe la Mjerumani au la Mtanzania, ni mahali pa kuanzia kuuliza tu. Undugu unapatikana kwa kijiji, kwa mlolongo wa wazazi, na kwa mtu anayekumbuka.

Wanavyotafuta wao

Jirani yangu huanza na kijiji. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo mwaka 1874 hapa, enzi hizo Prussia, na Ujerumani nzima mwaka 1876. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya kanisa. Mchungaji aliandika ubatizo, ndoa na maziko, na katika sharika nyingi vitabu hivyo vinarudi nyuma hadi karne ya 17. Watafiti wa kujitolea wamevisoma ukurasa kwa ukurasa, kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wengi hawawezi kuusoma, wakatunga vitabu vya koo za kijiji. Kila familia ina namba yake: baba, mama, tarehe, kazi ya mume, watoto, na namba ya familia ambayo kila mtoto alikwenda kuianzisha. Ukiipata namba moja, unazifuata hadi zinapoishia.

Serikali nayo ina utaratibu wake. Kumbukumbu za vizazi hufunguliwa kwa watafiti baada ya miaka 110, za ndoa baada ya 80, za vifo baada ya 30. Kabla ya hapo sharti uwe mzao wa moja kwa moja, au uwe na sababu ya kisheria. Zipo pia tovuti zinazochora ramani ya jina kutokana na vitabu vya simu: unaandika jina, unaona wilaya zipi lina watu wengi. Kwa jina adimu ramani hiyo inaweza kukufikisha karibu na kijiji chenyewe. Kwa Janssen, pembe yote hii inajaa rangi na hujajua lolote.

Kilichonishangaza zaidi ni makaburi. Huku kaburi hukodishwa. Muda ukiisha, mara nyingi miaka 20 hadi 30, familia isipolipia tena, jiwe huondolewa na mahali pale hupewa mwingine. Ndiyo maana wapo watafiti wa koo wanaozunguka makaburini kupiga picha mawe kabla hayajang'olewa. Kwetu Rombo babu yuko kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani, hatua chache kutoka mlangoni, masale yamepandwa juu yake, na hakuna anayemdai kodi.

Na wakishapatana? Watu wengi wa hapa walihamia Marekani katika karne ya 19, hasa Iowa na Illinois. Jirani yangu amewapata huko watu wa uzao wa ndugu wa babu wa babu yake. Wakaandikiana, wakaja, wakanywa chai ya Kifrisia yenye sukari ya mawe na krimu, wakapiga picha mbele ya kanisa, wakarudi kwao. Hakuna anayemdai mwenzake kitu. Walitaka kujua, wamejua.

Tunavyotafuta sisi

Kilimanjaro, kwetu Wachagga, ni miongoni mwa sehemu za Tanzania ambako jina la ukoo hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana bila kubadilika. Shirima anazaa Shirima. Kwa karatasi, sisi ndio tunaofanana na Wajerumani. Lakini kutana na Massawe wawili msibani Dar es Salaam uwasikilize. Wa Machame au wa Kibosho? Kama ni Kibosho, kijiji gani? Babu yako nani? Na huyo babu alizaliwa nyumba ipi, maana baba yake alikuwa na wake kadhaa? Wakifika hapo, ama wanagundua kwamba wanakutana mahali, ama wanaachana kwa heshima, kila mtu na Massawe wake.

Hakuna anayeuliza maswali hayo kwa kujifurahisha. Kijana akileta mchumba mwenye jina kama lake, wazee hawasemi ndiyo wala hapana mpaka wafuate mistari yote miwili, kwani watu wa ukoo mmoja hawaoani. Mbuzi akichinjwa Desemba, sehemu za nyama zina wenyewe kulingana na nafasi ya kila mtu katika ukoo. Halafu lipo kundi la WhatsApp. Ukishatambuliwa, unaunganishwa jioni hiyohiyo, na kabla hujamaliza kusoma majina ya waliomo unakutana na michango: ada ya mtoto wa marehemu, gharama za hospitali, uzio wa makaburi. Hapa ndipo tunapoachana na wenyeji wetu wa Ulaya. Janssen akimpata ndugu, anamwongeza kwenye orodha. Sisi tukimpata ndugu, tunamwongeza kwenye bajeti.

Ila Kilimanjaro siyo Tanzania nzima. Tanga au Unguja, Ali Hamisi Juma amebeba jina lake, la baba na la babu. Mwanawe atakuwa Salum Ali Hamisi, na Juma atakuwa ameshadondoka. Ni akina Harm na Dirk walewale. Anayetaka kumfuata huyo ataulizia mtaa na nyumba, au nisba, yaani jina la ukoo wenye asili ya Uarabuni, kwa wenye nayo: Barwani, Harthy, Mazrui na Busaidi ni majina yaliyovuka bahari, na mtu wa Mombasa au Unguja anaweza kulikuta la kwao Muscat. Rwanda na Burundi, watoto wa tumbo moja kila mmoja anaweza kuwa na jina lake asilolishiriki na mwingine. Ofisa wa Ulaya aliyezoea kuona jina moja kwa familia nzima hapo huishiwa maarifa.

Na upo upande wa mama yangu. Yeye ni Mluguru wa Mgeta, na Uluguruni ukoo hupita kwa mama. Kwa Wachagga mimi ni Shirima. Kwa Waluguru ni mtu wa ukoo wa mama yangu, na wa bibi aliyemzaa, na wa mama yake bibi. Hakuna cheti changu hata kimoja kinachoutaja. Upungufu huo wa jina la mwisho unamhusu hata Mjerumani. Ukirudi nyuma vizazi vinne una mababu na mabibi 16, na jina limemfuata mmoja tu kati yao. Waliobaki 15 wako chini ya majina mengine, na damu yao unayo sawasawa.

Mate, mafuvu na wazee

Siku hizi yapo makampuni yanayopima vinasaba: unatema mate kwenye kichupa, unatuma, unaletewa orodha ya ndugu. Waliopimwa wengi wana asili ya Ulaya, kwa hiyo jirani yangu alipata binamu wa kumtosha. Mtanzania akipima hupewa asilimia za maeneo mapana ya Afrika na ndugu wachache, kwa sababu binamu zake wako Rombo na Mgeta na hawajatema mate popote.

Hata hivyo, vinasaba vikikutana na kumbukumbu za wazee hufanya kazi kubwa. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Old Moshi pamoja na viongozi wengine, na familia yake imekuwa ikikitafuta kichwa chake Ujerumani. Septemba 2023, taasisi inayosimamia makumbusho ya taifa mjini Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Fuvu moja lilioana kikamilifu na familia iliyo hai ya Wachagga, uzao wa Akida, mshauri wa Mangi Meli. Mengine mawili yalikaribia sana. La Mangi Meli mwenyewe halikupatikana. Maabara ingejuaje impime nani? Fuvu lile lilikuwa na maandishi, na Kilimanjaro walikuwapo watu wanaoweza kutaja nani alizaliwa na nani hadi enzi hizo. Bila wao, majibu ya maabara yangekosa pa kwenda.

Lakini tuwe na tahadhari. Anayeuliza "wa wapi?" hana nia njema kila mara. Kuanzia mwaka 1933 Wajerumani walilazimika kuchimbua vitabu hivihivi vya kanisa kuthibitisha kwamba babu na bibi zao hawakuwa Wayahudi, na aliyeshindwa aliweza kupoteza kazi, na baadaye hata uhai. Wazee wengine wa huku bado hawapendi mazungumzo ya nasaba, na sasa nawaelewa. Nasi majirani wa Rwanda tunajua kitambulisho kilichoandikwa asili ya mtu kilitumikaje mwaka 1994. Undugu utafutwe kwa ajili ya kumpokea mtu. Ukianza kutumika kumtenga, bora vitabu vifungwe.

Cha kufanya sasa

Fomu za uhamiaji, za benki na za shule zinataka jina la ukoo, na mtu wa Tanga anaandika la babu. Mtoto wake akizaliwa Bremen anasajiliwa kwa jina hilohilo, na mjukuu vivyo hivyo. Hivyo Juma mmoja wa Pangani, ambaye hakuwahi kuota kuwa chanzo cha ukoo, anaganda kwenye karatasi za Ujerumani kama Jan alivyoganda mwaka 1811. Miaka mia ijayo watakuwapo akina Juma wa Bremen na akina Juma wa Hamburg wasiohusiana kabisa, wakitafutana mtandaoni. Wafrisia, kwa upande wao, wamegeuza: tangu tarehe 1 Mei 2025 sheria mpya ya majina inawaruhusu kumpa mtoto jina la ukoo linalotokana na jina la mzazi wake, kwa desturi yao ya kale.

Mtoto umpe jina gani ni shauri lako na mwenzako. Mlolongo wenyewe ndio usiuache kichwani. Ukienda likizo, anza na mwenye umri mkubwa kuliko wote, na usiwapite shangazi na mabibi: wao waliolewa wakahama, ndio wanaojua nani alikwenda wapi. Andika jina la ubatizo au la Kiislamu pamoja na lile la nyumbani, maana mtu mmoja anaweza kuonekana wawili. Uliza kijiji kiliitwaje kabla ya Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyohamisha watu wengi wakaacha majina ya mahali nyuma yao. Andika ukoo wa kila mama. Kisha nenda kanisani kwa adabu, uombe kuonyeshwa vitabu vya ubatizo. Misheni ya Bagamoyo ilianza mwaka 1868, na huko Kilema mapadre walifika mwanzoni mwa miaka ya 1890, hivyo tunavyo vitabu vyenye umri wa kutosha.

Andika na madeni. Nani alimlea nani, nani alimsomesha baba yako, ng'ombe wa nani aliuzwa ili mtu apate nauli ya kwenda mjini. Vitabu vya jirani yangu havina safu ya mambo hayo, naye ameniambia angetoa vizazi vitatu vya tarehe ili ajue jambo moja tu la aina hiyo kuhusu mtu mmoja wa kwao. Waliomjua wameshakufa wote. Wetu wengi bado wapo na simu wanapokea, kwa hiyo wapigie mwisho wa wiki hii, na uwe na kalamu mkononi.