Shule Kabla ya Homa

Jina la mafua limewadanganya watu wengi. Mtu apigaye chafya asubuhi na kusema kuwa ana mafua hutumwa shambani, kisimani au shuleni kama kawaida, wala hapana amwoneaye huruma. Walakini jina hilo hilo hubebwa na maradhi mengine makubwa, ambayo mara chache katika karne hugeuka umbo, huingia katika miili isiyoyafahamu, na huizunguka dunia kwa miezi michache. Ya kwanza ni kero ya pua. Ya pili ni homa kali, viungo kulegea, mapafu kujaa, na sanda. Lugha imeyaweka yote mawili chini ya paa moja. Si ajabu basi kwamba kipindupindu kikitajwa watu hushtuka, na mafua yakitajwa hucheka.

Waliokuwa hai mwaka 1918 hawakucheka. Vita kuu ya kwanza ilipokuwa inakwisha, homa ya namna hiyo iliua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50 duniani. Afrika Mashariki iliingia kwa njia ya bahari. Meli zilizotoka Bombay ziliishusha Mombasa mwezi wa Septemba, reli ikaipandisha Nairobi hadi Kisumu, na mbele ya Kisumu ziwa lilikuwa wazi. Musoma ni bandari ya ziwa hilo hilo. Katika Tanganyika, nchi iliyokuwa imekwisha kukamuliwa na vita na njaa, makumi ya maelfu ya watu walikufa. Tena homa ile ilikuwa na tabia mbaya ya kuwachagua vijana: wenye umri wa miaka 20 hadi 40, wenye nguvu za kulima na kulea, ndio iliowalaza kwa wingi usio wa kawaida, na watoto wakabaki na vikongwe.

Lipo jambo moja la mwaka ule lipasalo kutazamwa kwa makini na kila aendeshaye shule. Homa hutafuta mkusanyiko. Mwaka 1918 iliukuta katika kambi za askari, misafara ya wapagazi, mabehewa na meli. Shuleni haikukuta watu wengi, kwa kuwa shule zenyewe zilikuwa chache mno. Hata mwaka 1934, Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, alipoanza masomo akiwa na umri wa miaka 12, ilimpasa kwenda Mwisenge katika mji wa Musoma, mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kutoka kwao. Leo mambo yamegeuka. Katika kata kama Buswahili, iliyo upande wa bonde la Mto Mara katika Wilaya ya Butiama, hapana gulio, kanisa wala msikiti uwakusanyao watu kama shule iwakusanyavyo. Gulio lina siku yake. Ibada ina siku yake. Shule huita siku tano kwa juma. Watoto wa kila kitongoji huketi bega kwa bega tangu asubuhi hadi alasiri, kisha hutawanyika, kila mmoja kwenye mji wa baba yake. Mtu mwenye nia mbaya akitaka kubuni chombo cha kuigawa homa katika nyumba zote za kata, hawezi kubuni kilicho bora kuliko hicho. Homa kuu ya mwaka 1957 ilidhihirisha hivyo kwa kuwashika wanafunzi mbele ya watu wengine, na ile ya mwaka 2009 ilirudia.

Itakayofuata si lazima ije kwa meli. Mwezi wa Januari 2017 ndege wa mwituni walikutwa wamekufa ufukweni mwa Ziwa Viktoria karibu na Entebbe, na vipimo vikathibitisha mafua makali ya ndege. Mwaka 2024 mafua ya ndege ya aina nyingine yaligunduliwa katika ng'ombe wa maziwa huko Marekani, jambo ambalo wataalamu wengi hawakulitazamia. Watu wa Mara hulala karibu na kuku na huamka karibu na ng'ombe. Hilo si kosa lao, na hapana sababu ya kuwatisha. Lakini ni sababu ya kutosha ya kutoyaacha maandalizi mikononi mwa mabaharia na marubani peke yao.

Maandalizi hayo huanzia wapi? Wengi watajibu kuwa huanzia katika dawa, na katika vifaa viletwavyo kwa gari kutoka mjini. Yamkini jibu lililo karibu zaidi na kweli ni daftari la mahudhurio. Mafua hukaa mwilini siku moja hadi nne kabla ya kujitokeza, na mgonjwa huanza kuwaambukiza wenzake siku moja hivi kabla ya kujihisi mgonjwa. Mwalimu angojaye kumwona mtoto akitetemeka dawatini amekwisha kuchelewa. Kijijini hakuna maabara ya kumwambia kilichopo. Lakini kila asubuhi anayo hesabu mkononi. Mwalimu mwenye kulijua darasa lake hujua pia jinsi linavyokosa watu: siku ya gulio hupungua kadhaa, msimu wa kupanda hupungua wengine, na wale wavulana watatu wa machungani hukosa kwa zamu. Darasa ambalo hukosa watoto sita kila siku, likikosa ishirini siku ya Jumatatu isiyo ya mvua wala ya gulio, limekwisha kusema neno. Kilichobaki ni kulisikia, na kulifikisha zahanati siku hiyo hiyo. Simu moja yatosha, ilimradi mwalimu mkuu na mganga wa zahanati wamekwisha kupatana mapema juu ya idadi ipi ni ya kupigiwa simu. Bila ya mapatano hayo kila mmoja humngoja mwenziwe aanze.

Daftari lakini lina adui, naye si homa. Adui wake ni kalamu ijazayo vema juma zima siku ya Ijumaa jioni ili hesabu ya mwezi ipendeze. Daftari lililojazwa kwa ajili ya mkaguzi ni kipofu. Homa itapita mbele yake mchana kweupe nalo liseme kuwa watoto wote wapo.

Baada ya daftari ni nafasi. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 watoto waliokuwa wakibaki nyumbani walimiminika shuleni, na hiyo ni neema ambayo hapana mtu mwema ataiita balaa. Ila darasa lililokusudiwa watoto 45 mahali pengi likapokea mara mbili yao. Katika msongamano wa namna hiyo amri ya kukaa mbalimbali ni maneno matupu. Kwa hiyo mtu akiulizwa ni dawa gani iliyo kubwa kuliko zote iliyopata kutolewa kwa shule za Tanzania katika miaka ya UVIKO-19, huenda akajibu kwamba ni matofali. Mwaka 2021 nchi ilipata mkopo wenye thamani ya shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya kupambana na athari za maradhi yale, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 katika shule shikizi. Wapo waliouliza darasa linahusiana nini na ugonjwa. Linahusiana sana. Chumba cha pili ni pumzi ya chumba cha kwanza.

Na kwa habari ya pumzi, dirisha la shule ya kijijini lisilo na kioo, ambalo mgeni huliona kuwa aibu, ni bora mara nyingi kuliko lile la mjini lenye kioo kisichofunguka. Mafua husafiri zaidi katika hewa wavutayo watu pamoja. Mwembe wa uwanjani, ambao wazee wengi walijifunza herufi chini yake na ambao maendeleo yalitaka kuwaondoa watoto hapo, utarudi kuwa darasa la heshima siku homa itakapokuja. Yafaa basi usikatwe kwa ajili ya kuni za uji.

Juu ya maji mengi yamekwisha kusemwa, na ndoo zenye koki zilizosimama mlangoni mwa kila ofisi mwaka 2020 zinakumbukwa bado. Kibuyu chirizi, chenye kamba yake na kijiti cha kukanyagia, hufanya kazi ile ile na hutengenezwa na watoto wenyewe kwa saa moja. Shida haiko katika chombo bali katika kukijaza. Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi karibu na daraja la Kirumi, samaki wakafa, na wananchi wakakatazwa kwa muda kuyatumia. Mto ule ule ni jirani wa Buswahili. Shule iwekayo tumaini lake lote katika chanzo kimoja cha maji imejenga juu ya mchanga. Tangi la mvua juu ya bati la darasa ni akiba ya kwanza ambayo kamati ya shule ingeitafuta kabla ya kununua kitu kingine chochote cha kujikinga.

Liko pia jambo dogo lisahauliwalo. Mtoto akishikwa na homa saa sita mchana, anakwenda wapi? Kumrudisha darasani ni kuwapa wenzake. Kumwambia aende nyumbani ni kumtuma peke yake kwa miguu, kilomita tatu au nne katika jua, na mwili unaowaka moto. Shule iliyojiandaa ina kona yake ya mgonjwa, walau kivuli kilichotengwa na mkeka na maji ya kunywa, na inajua ni nani wa kumfuata mzazi wake.

Sasa ndipo lije swali kubwa, la kufunga. Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 alitangazwa Tanzania. Kesho yake shule zikafungwa, na zote zilikuwa zimefunguliwa tarehe 29 Juni mwaka huo. Kenya ilifunga karibu siku zile zile, na wanafunzi wote walirudi Januari 2021. Uganda ilikamilisha kuzifungua zake tarehe 10 Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Majirani watatu wa ziwa moja walichagua njia tatu, na mabishano juu ya nani aliamua vyema hayajaisha. Lakini mlango wa shule ukifungwa, maisha ya mtoto hayafungwi. Huhamia mahali pengine. Huko New York mwaka 1918 shule ziliachwa wazi kwa hoja hiyo: watoto walitoka katika nyumba za msongamano, na shuleni walikuwako wauguzi wa kuwatazama kila asubuhi.

Ng'ambo ya ziwa kutoka Musoma, katika nchi ya Bukoba, kulitokea mwaka 1962 kisa kinachostahili kukumbukwa ingawa si cha mafua. Katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha wanafunzi watatu walishikwa na kicheko na kilio kisichozuilika tarehe 30 Januari. Kufika tarehe 18 Machi walikuwa 95 kati ya 159, na shule ikafungwa. Madaktari hawakuona kijidudu chochote. Lakini wasichana waliporudishwa makwao, hali ile iliwafuata hadi Nshamba, kijiji cha baadhi yao, na katika Aprili na Mei ikawashika watu 217. Shule ikafunguliwa Mei, na Juni ikafungwa tena. Kicheko si homa. Njia lakini ilikuwa ile ile ambayo homa ingeipenda. Kulifungua bweni ghafula na kuwapakia wote katika mabasi ya jioni ni kuyapa maradhi nauli.

Katika Mkoa wa Mara yako maradhi mengine yangojayo shule zifungwe. Kila Desemba, shule zikiwa likizo, nyumba salama za Mugumu na Butiama huwapokea wasichana wanaokimbia ukeketaji. Likizo ndefu isiyotazamiwa ni Desemba iliyoongezwa miezi. Mimba na ndoa za mapema nazo hutafuta mwanya huo huo. Na hadi tarehe 24 Novemba 2021, serikali ilipotangaza kuwaruhusu waliokatiza masomo kwa kujifungua warudi katika shule za umma, msichana aliyepata mimba katika siku za kufungwa alikuwa amekwisha kupoteza nafasi yake humo. Kwa hiyo mpango wa shule usiosema neno juu ya wasichana wakati mlango umefungwa umeiandikia homa peke yake, na kuwaachia maadui wengine nafasi.

Masomo ya redio na televisheni yalisaidia wenye redio na televisheni. Kwa wengine, kilichoweza kuwafikia ni kitabu kilichoazimwa kabla ya mlango kufungwa, na mwalimu apitaye kwa baiskeli. Hili nalo halifanyiki kwa pupa. Lahitaji orodha ya wanafunzi iliyopangwa kwa vitongoji badala ya madarasa, yenye kumtaja mwanafunzi mkubwa wa kila kitongoji awezaye kuwasomea wadogo, kitabu gani kimekwenda kwa nani, na simu ya jirani kwa asiye na simu. Orodha hiyo haihitaji mkopo wa nchi za nje. Huandikwa Januari, watoto wapya wanapoandikishwa, na mwalimu mwenye subira ya kumuuliza kila mmoja swali ambalo daftari halina safu yake: mchana, nyumbani kwenu, yuko nani?