Rickie Lambert: kutoka kiwanda cha betiravu hadi ekipe ya taifa ya Uingereza

Wasikilizaji wanaofuata mpira wa Uingereza wanataja haraka majina ya Rooney, Kane ama Vardy. Jina la Rickie Lambert linatajwa mara chache, hata na wale waliokuwa wakijaza vyumba vya video kila siku ya posho. Hakuwa na mbio nyingi. Hakuwa na nywele za kupakwa rangi wala gari la kuonyesha kwenye picha. Alipoitwa mara ya kwanza katika ekipe ya taifa alikuwa na miaka 31, umri ambao wachezaji wengi wanaanza kuhesabu miezi iliyobaki.

Alizaliwa mwezi wa pili mwaka 1982 huko Kirkby, mji ulio pembeni ya Liverpool. Kirkby ilikuzwa baada ya Vita Vikuu vya Pili ili kupokea familia zilizoondolewa katika mitaa mibovu ya Liverpool. Serikali ilijenga nyumba nyingi kwa haraka, watu wakaletwa, viwanda vikafunguliwa, na baadaye vingi kati ya viwanda hivyo vikafungwa. Watoto wa pale wanakua na mambo mawili: mpira na upendo wa klabu ya Liverpool ama ya Everton. Kwa Lambert ilikuwa Liverpool. Alipofika miaka 10, klabu hiyo ikamchukua katika shule yake ya mpira.

Akiwa na miaka 15 wakamwambia hawamhitaji tena.

Jambo hili halishangazi. Klabu kubwa zinachukua watoto wengi na kubakiza wachache sana, na wengi wanaoachwa hawasikiki tena. Kwa mtoto ambaye kwa miaka mitano amevaa jezi ya klabu anayoipenda, kurudi mtaani na kuulizwa na kila mtu "mbona hauendi tena mazoezi?" ni kitu kizito. Lambert alikwenda Blackpool, klabu ndogo kando ya bahari, akafundishwa huko na kucheza mechi chache tu na wakubwa. Mwaka 2000 alikuwa na miaka 18. Kocha mpya alikuwa ameingia, naye Blackpool nayo ikamwacha.

Hapo ndipo inaanza sehemu ambayo magazeti ya Uingereza yalipenda sana kuisimulia baadaye. Lambert aliomba nafasi Macclesfield, ekipe ya daraja la nne. Wakamkubalia kufanya mazoezi nao, lakini bila mshahara. Ili apate pesa ya kuishi akaingia kiwandani, mahali wanapoweka betiravu ndani ya chupa. Kazi yake ilikuwa kufunga vifuniko. Malipo yalikuwa paundi 20 kwa siku. Kisha mazoezi, kisha tena vifuniko.

Ni kweli, hadithi ni tamu kwa anayeisikia leo akijua mwisho wake. Yeye wakati ule hakujua mwisho. Alikuwa kijana aliyekataliwa mara mbili, asiye na mkataba, anayefanya mazoezi pamoja na watu wanaolipwa huku yeye halipwi. Mwaka 2001 Macclesfield wakamwandikia mkataba.

Hapa inafaa kueleza kidogo namna mpira wa kule unavyopangwa, kwa sababu bila hiyo maisha ya mchezaji huyu hayaeleweki. Juu kabisa kuna Ligi Kuu, yenye ekipe 20. Chini yake kuna madaraja mengine matatu, kila moja na ekipe 24. Jumla ni ekipe 92. Chini ya hizo ziko nyingine nyingi, ambamo wachezaji wengi wana kazi nyingine mchana. Katika madaraja hayo matatu kila ekipe inacheza mechi 46 kwa msimu, bila kuhesabu makombe. Zinazoongoza zinapanda, za mwisho zinashuka. Kutoka chini hadi juu ni ngazi moja, wala hakuna ukuta katikati. Na anayecheza vizuri chini anaweza kununuliwa na wa juu yake, na pesa hiyo inaisaidia klabu iliyomuuza kulipa mishahara ya wengine. Mchezaji aliyeachwa na klabu kubwa akiwa mtoto bado ana mahali pa kuanguka, na mahali hapo panalipa, ijapo kidogo.

Macclesfield walimuuza Lambert kwa Stockport mwaka 2002 kwa paundi 300,000, pesa nyingi kwa klabu ndogo kama ile. Huko mambo hayakwenda. Ekipe yenyewe ilikuwa inateremka, na mwaka 2005 ikashuka mpaka daraja la nne. Lambert alikuwa ameondoka miezi michache kabla, akaenda Rochdale. Miaka 23, daraja la nne tena, pale pale alipoanzia. Mtu angeweza kusema: basi, kiwango chake ni hiki.

Lakini Rochdale palikuwa pazuri kwake. Alikuta mshambuliaji mwingine, Grant Holt, naye mtu aliyezunguka sana katika klabu ndogo. Wawili hawa walicheza mbele pamoja katika daraja la nne, na miaka michache baadaye wote wawili wakawa wanatia mabao katika Ligi Kuu, Holt akiwa Norwich, Lambert akiwa Southampton. Hakuna aliyekuwa akiwatafuta pale. Msimu wa 2005-2006 Lambert alitia mabao 22 katika ligi, na Bristol Rovers wakamnunua kwa paundi 200,000. Ni pungufu kuliko bei ya miaka minne nyuma. Soko lilikuwa limemshusha thamani wakati yeye alikuwa anapanda.

Bristol alikaa misimu mitatu. Ekipe ilipanda daraja la tatu mwaka 2007. Mwaka uliofuata, katika Kombe la FA, Bristol Rovers walikutana na Southampton, ekipe kubwa kuliko wao, wakashinda bao 1 kwa 0. Aliyetia bao alikuwa Lambert, kwa mpira wa adhabu, siku aliyotimiza miaka 26. Watu wa Southampton walirudi nyumbani na hasira. Hawakujua wamemwona nani.

Msimu wa 2008-2009 akatia mabao 29 katika daraja la tatu. Southampton nao walikuwa wameporomoka: madeni yaliwazidi, wakashuka mpaka daraja lile lile la tatu, na wakaadhibiwa kuanza msimu mpya na pointi 10 chini ya sifuri. Mwenye mali mmoja, Markus Liebherr, aliinunua klabu, na mwezi wa nane mwaka 2009 ikamchukua Lambert kwa paundi zaidi ya milioni moja. Kocha Alan Pardew hakumpokea kwa sifa. Alimwambia wazi kwamba mwili wake ni mzito, apunguze. Lambert mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba maneno yale yalimbadilisha. Mpaka siku ile alikuwa anatia mabao bila mtu kumwuliza anakula nini.

Na hapa ndipo tofauti kati ya kipaji na nafasi inaonekana. Kipaji hakikuzaliwa mwaka 2009. Mguu ule wa kupiga mipira ya mbali ulikuwepo Rochdale. Macho ya kuona mwenzake anayekimbia nyuma ya mabeki yalikuwepo Bristol. Kilichoongezeka ni kocha aliyemdai zaidi, daktari wa klabu, chakula kilichopangwa, uwanja mzuri wa mazoezi, na wenzake wanaofika pale anapotupa mpira. Vijana wangapi wa Kirkby walikuwa na mguu sawa vile na wakabakia kiwandani, hakuna anayeweza kuhesabu.

Msimu wake wa kwanza Southampton alitia mabao 30 katika ligi, tena ekipe ikachukua kombe la klabu za madaraja ya chini pale Wembley, ikiipiga Carlisle 4 kwa 1. Mwaka 2011 wakapanda daraja la pili. Mwaka 2012 wakapanda Ligi Kuu, na Lambert akiwa mfungaji bora wa daraja la pili kwa mabao 27. Kupanda mara mbili mfululizo ni jambo gumu sana. Wachezaji wengi wanaopandisha ekipe wanaachwa njiani, kwa sababu klabu ikifika juu inanunua wengine. Yeye hakuachwa.

Mechi ya kwanza ya Ligi Kuu ilikuwa kwa Manchester City, mabingwa. Lambert alianza kwenye benchi. Aliingia, akatia bao. Southampton walipoteza 3 kwa 2, lakini msimu ulipokwisha alikuwa na mabao 15.

Jambo moja la kusahaulika kwa urahisi: penalti. Katika miaka yake yote mitano Southampton alipiga penalti 34, zote zikaingia. Wachezaji wakubwa wa dunia wanakosa. Yeye alipiga kwa nguvu bila kuchezesha miguu na bila kumdanganya kipa, katika daraja la tatu, la pili na la kwanza.

Mwezi wa nane mwaka 2013 kocha wa taifa, Roy Hodgson, akamwita. Simu ilikuja siku mke wake alipojifungua mtoto wao wa tatu. Tarehe 14, Wembley, Uingereza dhidi ya Uskoti, mabao 2 kwa 2. Lambert aliingia mahali pa Wayne Rooney. Dakika ya 70 Leighton Baines akapiga kona, na Lambert, ambaye alikuwa uwanjani kwa dakika tatu tu, akaruka na kutia kwa kichwa. Uingereza ikashinda 3 kwa 2. Kutoka siku Liverpool ilipomwacha mpaka usiku ule ilikuwa imepita miaka kama 16.

Wakongomani nao wamepita katika ngazi hii, na si vibaya kuwataja. Lomana LuaLua, mzaliwa wa Kinshasa, alianzia Colchester, daraja la tatu, na mwaka 2000 Newcastle ikamnunua. Msimu ule Lambert anavaa jezi ya taifa, Britt Assombalonga na Gabriel Zakuani, wote wawili wazaliwa wa Kinshasa, walikuwa Peterborough, daraja la tatu. Wengi wa mashabiki wa Léopards hawakuwa wanafuata mechi hizo, kwa sababu televisheni huku inaonyesha Ligi Kuu tu. Mpira wa chini unachezwa bila macho yetu.

Mwaka 2014 Liverpool ilirudi kumtafuta yule mtoto iliyemwacha. Ililipa paundi milioni 4. Familia yote ni ya Liverpool. Nani angekataa? Magazeti yaliandika kana kwamba hadithi imekamilika, na hapo yalikosea. Lambert alikuwa na miaka 32. Luis Suárez alikuwa ameuzwa Barcelona, na ekipe ilikuwa inatafuta namna mpya ya kucheza bila yeye, kwa mbio, kwa kukimbiza mabeki tangu dakika ya kwanza. Hiyo haikuwa kazi yake hata siku moja. Southampton walijenga mchezo ukimzunguka. Liverpool walimtaka awe mtu wa akiba. Mara nyingi alikaa benchi. Katika ligi alitia mabao mawili, na moja lingine katika Ligi ya Mabingwa dhidi ya Ludogorets.

Kabla ya hapo, mwezi wa sita mwaka ule, alikuwa Brazil kwa Kombe la Dunia. Aliingia dakika za mwisho dhidi ya Uruguay, Uingereza ikiwa imekwisha kupigwa 2 kwa 1. Dakika chache tu, lakini jina lake limeandikwa. Kwa jumla alichezea taifa mechi 11 na kutia mabao 3.

Kuna wanaosema angebaki Southampton. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Mtu aliyefukuzwa nyumbani akiwa na miaka 15, akiitwa arudi, hapimi jambo lile kwa hesabu ya dakika za kucheza. Hata hivyo klabu iliyomtambua, iliyomlisha na kumpa mipira kwa miaka mitano ilikuwa ile nyingine, iliyo upande wa kusini, mbali na kwao.

Baada ya mwaka mmoja Liverpool ilimuuza West Bromwich Albion, ambako alipata bao moja tu katika ligi. Mwaka 2016 alishuka Cardiff, daraja la pili, akatia mabao manne. Mkataba ulivunjwa kabla ya wakati wake. Mwezi wa kumi mwaka 2017, akiwa na miaka 35, alitangaza kwamba ameacha mpira. Southampton alicheza mechi 235 na kutia mabao 117. Nyimbo za jina lake ziliendelea kuimbwa kule, pia Bristol, na Rochdale wazee wa uwanjani bado wanabishana ni nani alikuwa bora msimu ule, yeye ama Holt.