Vidole na Mizigo

Lugha yetu ni tajiri wa maneno ya kunyanyulia. Jahazi lilikuwa na kapi, roda na abedari. Lilikuwa na henza ya kupandishia foromali na jarari ya kuvutia henza. Vyombo hivyo vilikuwa na adabu zake: hakuvuta mtu kabla ya mmoja kutoa sauti, na wenzake wakaitikia kwa wimbo. Wengi huuhesabu wimbo ule kuwa ni burudani ya mabaharia. Sisi twauona kuwa ni chombo cha kazi kama kapi lenyewe, kwani kwa mdundo wake kila mkono ulijua wakati wa kushika na wakati wa kuachia.

Huko Malindi mambo yaligeuka pole pole. Kabla ya gati la maji marefu kujengwa katika miaka ya 1920, meli zilitia nanga mbali, na shehena ikaletwa pwani kwa matishali. Zikaja winchi na kreni, na mwishowe makontena. Wachukuzi wa bandari hiyo ndio walioanza mgomo wa Agosti 1948, ulioenea mji mzima mwezi wa Septemba. Kilio chao kikubwa kilikuwa ujira mdogo na ughali wa maisha. Wakati ule mzigo ulimlemea mtu mabegani. Kreni ilipouchukua mzigo, hatari nayo ilihama, ikashuka vidoleni.

Namna kidole kinavyopotea haihitaji maelezo marefu. Mzigo ungali chini, kamba ya chuma imelegea, na mfanyakazi huishika ili ikae sawa penye pembe ya sanduku. Mwendesha kreni huanza kuvuta. Kamba hukaza ghafla, na mkono ulio baina ya kamba na sanduku hauna pa kwenda. Au mzigo umekwisha kunyanyuka, unazunguka, na mtu anausukuma kwa viganja pale ambapo kipande cha kamba ya kuongozea kingetosha. Pete nayo hunasa, na glavu iliyo pana kupita mkono hunasa vile vile.

Tunaye jirani hapa Amani ambaye alipoteza kidole cha shahada na cha kati kwa namna ile ya kwanza. Watu wawili walimpa ishara mwendesha kreni kwa wakati mmoja. Mmoja alisema ngoja, wa pili alisema vuta. Kidonda kilipona. Lililokuwa gumu zaidi lilikuja baadaye. Alikuwa mchezaji bao hodari. Sasa huzigawa kete kwa mkono wa kushoto, na wenzake barazani humngoja kwa heshima inayomkera. Kwenye walima hakai tena kwenye sinia la watu wanne. Katika sala, kidole cha kunyanyua wakati wa tahiyatu hana. Sisi tunaokalia viti vya ofisi, ambao jeraha letu kubwa ni doa la wino, hatukuwahi kuyafikiri hayo kabla ya kuishi ukuta mmoja naye.

Sheria ya fidia ya Zanzibar ni ya mwaka 1986, na ya usalama na afya kazini ni ya mwaka 2005. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa usalama wa kazi za bandarini, namba 152, mwaka 1979. Majedwali ya fidia hukadiria viungo, na gumba huthaminiwa kuliko vidole vingine; kwa upande wa kazi, ni haki. Lakini hakuna jedwali lililokadiria bao wala sinia.

Ajali kama hii huitwa kudra. Hatubishani na neno hilo msibani. Twabishana nalo linapotamkwa na msimamizi aliyeacha watu wawili watoe ishara moja, kwa sababu huko ni kuisingizia kudra uzembe wa binaadamu.

Katika magereji ya Amani vijana waliotoka skuli juzi hunyanyua injini kwa mnyororo uliofungwa kwenye tawi la mwembe. Jirani yetu hupita huko alasiri. Hawahutubii. Huwauliza tu: leo nani anatoa sauti? Wakionyeshana vidole, husimama pale pale mpaka wamchague mmoja.